Mkaa Uliisha, Weusi Ukabaki

Mama zangu na dada zangu, nawasalimu. Nimeambiwa niwe mfupi. Nimeambiwa pia, hapo jikoni wakati mlikuwa mnaingia, kwamba ushuhuda wangu ni mzuri lakini ile sehemu ya choo niiruke, kwa sababu watu wanakunywa chai. Nimesikia. Sitairuka. Ndugu zangu, nawaambia mapema, sehemu ya choo ndiyo ushuhuda wenyewe. Mwenye tumbo laini aweke mandazi chini kwanza, atayakuta.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu nikiongea bila karatasi nitataja watu, na nimeahidi sitataja. Ukijisikia umeguswa, hiyo ni yako na Mungu wako. Na mnivumilie nikitembeatembea hapa mbele. Nikiwa na hasira siwezi kukaa mahali pamoja, na hasira bado ninayo. Mtu aliniambia nisisimame kutoa ushuhuda mpaka hasira iishe. Nikaona nikingoja hivyo, kuna mtu atazikwa.

Wengi mnanijua. Kwa wageni, mimi ni msichana wa Yamumbi, wazazi wangu wana duka huko. Niliolewa na kijana wa Moiben, tukapanga hapa Kimumu, Eldoret. Yeye huendesha trekta za watu, kwa hivyo msimu wa shamba ukianza namuona kama mtu anavyoona mbunge. Mimi nasuka nywele. Nina msichana mmoja ambaye wakati haya yanaanza alikuwa bado ananyonya. Mama yangu mzazi tunamwita Shosho kwa sababu ya huyo mtoto, na mama mkwe wangu tunamwita Kogo kwa sababu hiyo hiyo. Nyanya wawili, kila mmoja na lugha yake, na mtoto anawatawala wote.

Maumivu yalianza wakati wa mvua. Hapa, chini ya kifua, juu ya kitovu. Si kama tumbo la kuhara, na si kama la mwezi. Ilikuwa kama mtu ameweka kaa la moto hapo na kulisahau. Nikikaa njaa, linachoma. Nikila kidogo linatulia, halafu baada ya muda linarudi na wenzake. Usiku lilikuwa linaniamsha kabla mtoto hajaniamsha. Nikila vijiko vichache vya githeri nashiba kama niliyekula harusi, tumbo linafura, napiga mbweu mbele ya wateja bila aibu. Asubuhi kichefuchefu. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni.

Mnajua saluni. Pale kuna madaktari wengi kuliko hospitali. Mteja wa kwanza akasema, "Wewe ni mimba hiyo, wacha kutuficha." Wa pili akasema ni gesi. Wa tatu alikuwa ameinamisha kichwa namsuka, akaongea na magoti yake: "Hiyo ni alsa, vidonda vya tumbo, na alsa ni mawazo. Nani anakusumbua kwa nyumba?"

Nikamwambia hakuna anayenisumbua.

"Basi unamficha," akasema.

Nilikunywa maji ya kabichi. Nilikunywa maji ya viazi mbichi, mama zangu, asubuhi kabla ya kitu chochote, huku nimefunga pua. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Na kwa sababu mgongo nao ulikuwa unauma kwa kusimama, kila jioni nilikuwa napitia duka la dawa kununua vile vidonge vya mgongo ambavyo sisi wote wa saluni tunameza kama njugu. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Mimi pia sikujiuliza.

Halafu nikaleta shida yangu hapa.

Hapa, kwa ushirika huu wa Alhamisi. Nilisimama pale karibu na kabati nikasema, mama zangu, niombeeni, tumbo linaniua. Mkaniombea, na kwa hilo nasema asante, sina neno na maombi. Neno langu ni lile lililofuata. Mama mmoja alinishika mkono akaniangalia kwa huruma, ile huruma inayokufanya ujisikie umeshikwa ukiiba, akasema, "Binti yangu, vidonda vya tumbo vinatoka kwa moyo wenye kinyongo. Kuna mtu hujasamehe."

Nikasema hakuna.

"Tafuta," akasema. "Yuko."

Kwa hivyo nikatafuta. Ndugu zangu, nilisamehe watu. Nilianza na mwalimu wa hesabu aliyeniita mbuzi nikiwa kidato cha pili. Nikasamehe mwenye nyumba. Nikasamehe wifi zangu kwa mambo ambayo hata wao hawajui walifanya. Nilipiga simu Yamumbi nikamwambia Shosho nimemsamehe, akauliza, "Kwa nini? Nimefanya nini?" Tukagombana, ikabidi nimsamehe tena. Nikamsamehe mume wangu kwa kuwa shambani, na alikuwa shambani akitutafutia chakula. Watu wakaisha. Nikabaki nasamehe kuku wa jirani. Na kaa la moto liko pale pale.

Mkanipa tena mfungo. Nifunge nikiomba kwa ajili ya tumbo. Mtu ambaye tumbo lake linachoma likiwa tupu, mnamwambia aliweke tupu kwa jina la Bwana. Nilifunga. Nilikuwa nimejikunja kwa mkeka kama kiwavi, mtoto amenipanda mgongoni akidhani ni mchezo.

Sasa tufike kwa mursik, yale maziwa ya kibuyu.

Kogo alikuja kutoka Moiben kumuona mtoto, akaniona mimi. Akasema nimekuwa mwembamba kama fito. Safari iliyofuata akaleta kibuyu. Kwa wale ambao hawajaolewa upande huo, niwaambie inavyotengenezwa: kibuyu kinaoshwa, halafu fimbo ya mti maalum inachomwa, na lile kaa linasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta ziwe nyeusi. Ndipo maziwa yanamiminwa na kufungwa siku kadhaa. Ukiyamimina yanatoka mazito, rangi ya mawingu ya mvua, na punje nyeusi za mkaa zinaogelea. Mara ya kwanza kuyaona, nikiwa mchumba, nilidhani ni uchafu. Nikanywa kwa adabu. Siku hizi nayapenda kuliko soda.

"Kunywa," Kogo akasema. "Maziwa yanazima moto."

Na yalizima. Huo ndio ukweli, na ndio ulionidanganya. Nikinywa kikombe, dakika chache nasikia baridi inashuka, naweza hata kuimba. Halafu moto unarudi, nakunywa tena. Nikawa mtu wa kibuyu. Shosho aliposikia alipiga simu kutoka Yamumbi: "Hayo maziwa ya masizi ndiyo yanakuharibu tumbo. Njoo nyumbani nikupikie." Kogo naye aliposikia kwamba Shosho amesema hivyo, akasema watu wa chai ya maji hawawezi kujua maziwa. Mimi nikawa katikati, nachoma kila upande.

Ni wakati huo choo yangu ikageuka kuwa nyeusi.

Mmeweka vikombe chini. Vizuri. Nyeusi, mama zangu. Si kahawia, si ya mboga. Nyeusi kama lami ya barabara, inang'aa, inanata, ukimwaga maji haitaki kwenda. Na harufu yake si ile tumezoea. Ni harufu nzito, ya kitu kilichooza pamoja na chuma.

Nilishtuka. Nikamwambia Kogo, kwa sababu yeye ndiye alikuwa karibu siku hiyo, amekaa kwa stuli anamlisha mtoto uji. Nilimwambia kwa sauti ya chini. Akasimamisha kijiko hewani kidogo, akakirudisha kwa bakuli, akasema, "Ni mkaa huo. Umekunywa mkaa, ulitaka utoke mweupe?"

Tukacheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Niliona ni kweli kabisa: unaingia mweusi, unatoka mweusi. Nikaenda saluni nikawafanyia mzaha huo, wakacheka pia. Mmoja akasema, "Sasa umeolewa kabisa, mpaka choo imekubali." Ukawa mzaha wetu. Nilikuwa navuja damu tumboni, ndugu zangu, na nilikuwa nauza huo msiba kama kichekesho.

Kile kijiko kilichosimama hewani nilikiona. Sikukielewa. Mkiweke akilini.

Miezi ikasonga, mahindi yakakauka shambani. Mimi nikaanza kuishiwa na pumzi. Nikipanda ule mwinuko mdogo wa kutoka barabarani nasimama kama nyanya, moyo unapiga mpaka masikioni. Nikiinuka haraka, macho yanafunga giza. Siku moja mteja aligeuka akiwa amesukwa nusu ya kichwa, akaniangalia vidole. "Mikono yako imekuwa baridi kama ya maiti," akasema. "Na mdomo wako mbona ni mweupe hivyo?" Nikamwambia ni hali ya hewa. Eldoret ni baridi, si ndiyo? Mtu hakosi kisingizio.

Msimu wa kuvuna ukafika na Kogo hakuweza kuja. Kila mkono ulikuwa shambani. Kibuyu changu kikaisha. Nilikisuuza, nikakining'iniza ukutani, nikarudia chai.

Siku ya kwanza sikufikiria kitu. Ya pili pia. Wiki ikaisha.

Asubuhi moja niko kwa choo ya ploti, ile moja ya nje tunayogawana, nimeinuka, nimeangalia nyuma. Nyeusi. Lami ile ile, harufu ile ile. Nikasimama hapo nikishika mlango. Sijui kama mmewahi kusikia akili yenu ikigeuka, kama ufunguo uliokuwa umekwama. Nilikumbuka darasa la biolojia, mchoro wa utumbo ukutani, mwalimu akionyesha kwa kijiti chakula kinakoanza na kinakotokea, na jinsi hakikai humo zaidi ya siku chache. Nikajiambia: mkaa uliisha. Wiki nzima sijaonja mkaa. Mbona weusi haujaisha?

Jirani yangu alikuwa nje anangoja zamu, ana ndoo na maneno. "Mama, umehamia huko? Tukuletee godoro?"

Kilichonijia kwanza hakikuwa hofu. Ilikuwa hasira. Nilikasirika mpaka nikaona vizuri. Nilimkasirikia mama wa kinyongo, na wateja wangu, na Kogo, na mimi mwenyewe niliyefika kidato cha nne nikakubali jibu kwa sababu lilichekesha. Nilifungua mlango, yule jirani akaniona uso, akasahau zamu yake.

"Wewe," akasema, "mbona uko hivyo?"

"Nishikie mtoto," nikasema. "Naenda hospitali."

"Nimshike mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nirudi."

Akaacha ndoo pale pale akamchukua. Huyo jirani hatujawahi kupatana kuhusu kamba ya nguo. Siku hiyo hakuuliza swali lingine.

Hospitalini kulikuwa na foleni. Nikafika kwa sista wa mapokezi, akaniuliza shida bila kuinua macho, na simlaumu, watu walikuwa wengi.

"Tumbo," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Kaa kwa benchi, utaitwa."

Nikakaa. Na mimi, mtu wa mdomo, mtu anayegombana na makanga wa matatu, nilikaa kwa adabu. Kwa nini? Kwa sababu pembeni yangu kulikuwa na mzee mwenye kofia, na mama aliyevaa vizuri, na kijana, na mimi ni mke wa mtu, na mke wa mtu hasemi choo mbele ya watu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Yamumbi na Moiben, hapo hakuna tofauti. Nikakaa na heshima yangu. Ukuta ukaanza kusogea. Nikaona dari inashuka polepole, na nikamuona mtoto wangu akiwa na jirani, akingoja, na kuna wazo likanijia wazi kama mtu ameniambia: utakufa kwa adabu.

Nikasimama. Nikashika ukuta, nikarudi kwa sista, nikaongea kwa sauti ile natumia sokoni.

"Sista, choo yangu ni nyeusi kama lami. Inanata, inanuka, na sijala mkaa."

Benchi lote likanigeukia. Yule mzee akavua kofia, sijui kwa nini. Sista akainua macho. Akatoka nyuma ya meza, akanivuta chini kope ya jicho, akaangalia ndani ambako kunatakiwa kuwa nyekundu. "Ukisimama unasikia kizunguzungu?" Nikasema ndiyo. "Moyo unakimbia?" Ndiyo. Akageuka akaita mtu alete kiti cha magurudumu, na sauti yake ilikuwa tofauti.

Ndugu zangu, nilikuwa nimesema "tumbo" tangu mvua, kwa kila mtu. Niliposema "nyeusi" ndipo watu walikimbia.

Damu ilikuwa imeshuka vibaya. Nikaongezwa damu ya watu nisiowajua. Halafu wakanipeleka kwa ile mashine ya kumeza, mrija mrefu wenye kamera unaopita kooni. Si raha, siwadanganyi, unatapika hewa na machozi. Lakini inaisha haraka, na wakaona. Kidonda. Kilikuwa pale pale nilipokuwa naonyesha kwa kidole, kikivuja. Wakachukua kipande kidogo, wakapima, na daktari akaja kwa kitanda changu baadaye. Alikuwa kijana, amechoka, ana kalamu nyuma ya sikio.

"Una bakteria tumboni," akasema. "Inaitwa H. pylori. Inaishi kwenye ngozi ya ndani ya tumbo, inaidhoofisha, asidi inachimba. Watu wengi wanayo na haiwasumbui. Wewe imekuchimba."

"Niliitoa wapi?"

"Mara nyingi mtu huipata akiwa mtoto. Kwa maji, chakula, mikono, watu wa nyumba moja. Hatujui kila njia."

"Si kibuyu?"

"Siwezi kulaumu kibuyu. Siwezi pia kukisifu. Maziwa yanatuliza kidogo halafu tumbo linamwaga asidi zaidi. Na ule mkaa wa kibuyu hautoshi kufanya choo kuwa lami. Ile nyeusi ilikuwa damu yako, imepikwa na tumbo." Akaniuliza kama kuna dawa nameza. Nikamwambia za mgongo, kila jioni, hata bila kula. Akafunga macho kidogo. "Hizo ziliongeza kuni."

Basi nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni kuliko ule mrija. "Daktari, kwa hivyo si kinyongo?"

Akaniangalia akidhani natania. "Kinyongo hakionekani kwa kamera," akasema. "Mawazo yanaweza kukuzidishia maumivu, sikatai. Lakini hiki kidonda kina mwenyewe, na mwenyewe anakufa kwa dawa."

Nilicheka. Halafu nikalia kwa hasira mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniletea tishu. Miezi yote hiyo natafuta nani amenikosea, na aliyenikosea haonekani kwa macho. Kuku wa jirani nilimsamehe bure.

Nilipewa dawa za kuua bakteria, aina mbili pamoja, na nyingine ya kupunguza asidi. Wiki mbili. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu, tumbo linakoroga, na katikati ya dozi nikaanza kusikia nafuu, na shetani wa nafuu akaniambia wacha sasa, umepona. Daktari alikuwa ameniambia mapema: ukiacha katikati, zile zinazobaki zinakuwa sugu. Nikameza mpaka ya mwisho. Baadaye nikarudi kupimwa tena. Ilikuwa imeisha.

Lakini nimeruka kitu, na ndicho kilinifanya nisimame leo.

Nikiwa bado wodini, Kogo alikuja. Aliacha mahindi, akapanda magari, akaingia na buti za shamba na kibuyu kimefungwa kwa leso. Nilipokiona hicho kibuyu damu niliyoongezwa ilichemka. Na mnajua mtu haongei hivyo na mama mkwe. Niliongea.

"Kogo, uliniambia ni mkaa."

Akaweka kibuyu chini ya kitanda, akakaa.

"Nimekaribia kufa. Mtoto angebaki. Uliniambia ni mkaa, ukacheka."

Akaangalia mikono yake. Nilikuwa na maneno mengine, nilikuwa nimeyapanga kama marobota ya mitumba, na nilikuwa naenda kuyafungua moja baada ya jingine, lakini akavuta stuli karibu na kuinama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa shuka yangu.

"Huo weusi wako," akasema, "ulikuwa unanata?"

"Unanata."

"Na harufu, kama chuma?"

Nikamwangalia. "Kogo, umejuaje harufu?"

Mama zangu, mama yule amekunywa mursik tangu aache kunyonya. Akaniambia hivyo, polepole. "Nimekunywa tangu utoto. Haikuwahi kuwa nyeusi. Imekuwa nyeusi tangu wakati wa kupalilia. Inakuja, inaenda, inarudi." Akashusha sauti. "Uliponiambia yako, nikafurahi. Nikasema basi ni mkaa, kama ni sisi wote wawili."

Hicho ndicho kilikuwa kile kijiko kilichosimama hewani.

Hakunidanganya ili nife. Alinidanganya ili aweze kulala. Alikuwa na hofu kubwa kuliko yangu, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mama wa rika lake anamwambia nani? Mwanawe? Mchungaji? Na angekuja hapa kwetu, tungemwambia atafute nani hajasamehe.

Bado nilikuwa nimekasirika. Sitawadanganya kwamba hasira iliyeyuka tukakumbatiana. Nilimwambia, "Usitoke kwa hii hospitali." Nikamuita sista kwa ile sauti ya sokoni, nikasema mbele ya wodi nzima kwamba mama mkwe wangu ana choo nyeusi, na Kogo akafunika uso kwa leso kwa aibu. Lakini alienda. Akameza ule mrija. Siku tulizokuwa tunangoja majibu ya kipande chake ndizo ndefu zaidi kwangu, kuliko za kwangu mwenyewe, kwa sababu daktari alikuwa ametuambia ukweli: kwa umri wake, weusi unaweza kuwa kidonda na unaweza kuwa kitu kibaya zaidi. Ndipo nilipojua kwamba nilimpenda yule mama, na hilo nalo lilinikasirisha.

Kilikuwa kidonda. Bakteria ile ile. Tulimeza dawa msimu mmoja, yeye Moiben, mimi Kimumu, tukipigiana simu asubuhi. "Umemeza?" "Nimemeza. Wewe?" "Chungu." "Meza." Hayo ndiyo yalikuwa maombi yetu ya asubuhi, na naamini Mungu aliyasikia.

Sasa shukrani. Asante kwa watu waliotoa damu, siwajui, wakiwa hapa sitawatambua, lakini wako ndani yangu wakitembeatembea. Asante kwa jirani yangu wa ndoo. Kamba ya nguo nimemwachia upande wenye jua. Asante kwa Shosho, aliyekuja kumchukua mtoto na mpaka leo anaamini ni masizi, na sina nguvu ya kubishana naye. Asante kwenu pia, mliokuja wodini na uji na nepi, mkanifulia. Mikono yenu ni mizuri. Ni midomo tu niliyokuja kugombana nayo. Na Kogo, ambaye amekaa pale nyuma karibu na mlango na amenipa ruhusa ya kusema yote haya, asante kwa lugha yako: kongoi, mama.

Somo langu ni fupi. Mtu akisema hapa kwamba tumbo linachoma wiki kwa wiki, kwamba anashiba kwa vijiko vichache, kwamba anakonda bila sababu, msimuulize amekosana na nani. Mmuulize choo yake ni rangi gani. Mmuulize kama ametapika kitu kama unga wa kahawa, maana hiyo pia ni damu. Mmuulize anameza nini kwa maumivu. Halafu mwombeeni mkiwa njiani, mkimpeleka. Kusamehe ni kuzuri, tusameheane kila siku. Lakini msamaha si dawa ya bakteria, na mfungo ni sumu kwa mwenye kidonda, na mtu akifa kwa ushauri wetu hatutasema tulikuwa tunampenda.

Nimemaliza, karibu. Kuna mmoja wetu hapa. Tangu nianze kusoma ameshikilia pale chini ya kifua, na kwa mkono mwingine ana andazi ambalo hajaliuma hata mara moja. Nilipotaja lami aliangalia chini. Sitamtaja. Nimeahidi.

Dada yangu, kesho asubuhi kabla sijafungua saluni nitakuwa pale kwa geti ya ploti yetu. Kogo analala kwangu leo, atakuja na sisi, na yeye ndiye ataongea kwa sista kama wewe utaona haya. Siku hizi ana sauti ya sokoni kunishinda. Leo usiku kula kitu kidogo, ulale kama utaweza. Na kabla hatujaonana, tafadhali, usimsamehe mtu yeyote.